Bi Hapana na Kifungu cha Saba

3 Februari

Mwanangu Chiriku,

Salamu nyingi. Sisi huku ni wazima, watoto ni wazima, na paa la jikoni bado linavuja pale pale unapopajua. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu una tabia ya kunikatiza, na haya ya leo yanahitaji mtu asiyeweza kunijibu mpaka nimalize.

Tumeletewa waraka kutoka huko ofisini kwenu. Mwongozo wa lishe kwa shule na vituo vya kulelea watoto. Nimeusoma nimekaa, nikausoma nimesimama, kisha nikampa msaidizi wangu ausome kwa sauti, nikidhani labda macho yangu ndiyo mabovu. Macho yangu ni mazima. Uji usitiwe sukari. Biskuti za saa nne basi. Juisi za chupa basi, watoto wanywe maji. Matunda kila siku. Pipi isitumike kumbembeleza mtoto wala kumpongeza. Haya ninayameza, japo yanakwaruza koo, maana meno ya watoto wa siku hizi nimeyaona kwa macho yangu.

Sasa njoo kifungu cha saba. Eti mtoto ajipakulie mwenyewe kutoka kwenye chombo kilichowekwa mahali anapofikia, ale kadiri tumbo lake linavyomwambia, wala mlezi asimlazimishe kumaliza. Nauliza kwa heshima zote: aliyeandika hivi amewahi kukaa chumba kimoja na watoto wa miaka mitatu na sufuria ya maharage? Hapa kwangu sahani inajazwa na mimi, na inarudi tupu. Wazazi wanapokuja jioni hawaniulizi mtoto kaimba nini. Wananiuliza kala?

Na kwa yule asiyekula kabisa, huyo kamati inaniambia nini? Nina mmoja mgeni, tunamwita Bi Hapana, kwa kuwa hilo ndilo neno pekee tulilowahi kulisikia kutoka kwake. Uji, hapana. Ndizi, hapana. Tuimbe, hapana. Mama yake kajifungua mapacha na nyumba yao yote imegeuka kuwa ya nepi, ndiyo maana kaletwa kwangu. Anakaa karibu na mlango, viatu havui, utadhani anasubiri gari. Mchana mimi na msaidizi tunampokezana na kijiko, mmoja anaimba, mwingine anavizia mdomo, na bado baba yake anamrudisha nyumbani na njaa. Sipendi. Katika miaka yangu yote hakuna mtoto aliyewahi kunishinda hivi.

Mkaguzi anakuja mwisho wa Machi. Asiporidhika, cheti hakihuishwi, na bila cheti tunafunga. Unajua nyumba hii bila watoto ni nini. Nitabaki naongea na redio. Basi wewe uliye humo humo ofisini, nitafutie huyo mwandishi wa kifungu cha saba, umwambie shangazi yako anamkaribisha aje apakue chakula siku moja. Aje na nguo asizozipenda.

Shangazi yako


10 Februari

Shikamoo Shangazi,

Barua yako niliisomea mezani kwangu, nikacheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akauliza kama kuna nyongeza ya mshahara. Nikamwambia ni shangazi tu. Naye ana wake, akaelewa.

Kuhusu mwandishi, waraka kama huu huandikwa na kamati, Shangazi. Vikao vinakuwa vingi, chai inakuwa nyingi, na mwishoni hakuna anayejua sentensi ipi ni ya nani. Kwa hiyo salamu zako nitazifikisha kwa kamati nzima.

Sukari usiikate ghafla, watoto watagoma na wewe utawahurumia. Ipunguze kidogo kidogo, na uji ukishaiva ponda ndizi mbivu humo. Ndizi iliyoiva sana, ile ambayo wewe hupenda kusema imeshakuwa ya mbuzi. Matunda usihangaike na ya kupendeza, nunua yaliyo kwenye msimu.

Kifungu cha saba nakuomba ukijaribu kabla hujakizika. Mtoto anayejazwa kila siku mpaka sahani iwe tupu, huja akasahau tumbo lake lilikuwa linamwambia nini. Na anayeogopa kijiko hataki hata kukaribia chakula. Hayo siyo maneno ya ofisini tu, wameyasema pia watu waliowahi kukaa na watoto. Anza na siku moja kwa wiki. Yakimwagika, yamwagike.

Huyo Bi Hapana nampenda kabla sijamwona. Nisalimie sana.

Ni mimi Chiriku wako


24 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Ripoti yako hii hapa, maana najua ndiyo unayoitaka, hizo salamu umezitanguliza tu kwa adabu.

Sukari imeshuka. Nilipunguza kwa kijiko, watoto hawakujua. Nikapunguza tena, mmoja akaangalia ndani ya kikombe kama mtu aliyedondosha kitu. Nikatia ndizi ya mbuzi, na tangu hapo amani. Wanaolalamika ni wazazi. Baba mmoja kaja kuniambia mwanawe atapungua uzito kwa kunyimwa biskuti, na mtoto mwenyewe yuko nyuma yake anatafuna papai mpaka masikioni. Nilimwonyesha tu huyo mwanawe.

Kifungu cha saba nimekijaribu. Niliweka sufuria ya maharage kwenye meza fupi, nikawapanga mstari, nikawaambia kila mtu ajipakulie. Mwanangu, kuna mmoja alijaza mpaka sahani ikamshinda, akaiachia. Kuna mwingine alipakua moja kwa moja mfukoni. Msaidizi wangu aliteleza akakaa chini, na kwa kuwa hakuumia, tulicheka sote, hata mimi niliyekuwa na hasira. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Maharage yanazoleka, lakini mgongo ndio unaolipa.

Ila mimi si mtu wa kushindwa na karatasi. Nimekaa nikafikiri, nikaona kosa ni kuwafundisha kwa chakula. Tumehamia uani, kwenye mchanga. Nimewawekea sufuria ya zamani imejaa mchanga, upawa na sahani za bati, na tunacheza hotelini. Kila mtu anapakua kidogo, anashika sahani kwa mikono miwili, anakwenda kukaa. Nikipiga makofi, wote wanasimama kwa mstari na kurudisha mchanga kwenye sufuria ili zamu ianze upya. Njoo uwaone. Wanashika upawa kama watu wazima. Mpaka mkaguzi afike watakuwa wanaweza kupakua harusini.

Bi Hapana hachezi. Anasimama kizingitini na viatu vyake, anatuangalia. Nilimpelekea sahani ya mchanga, akasema unajua nini. Huyo ni wa kwanza kukataa hata mchanga.

Kijiko chetu bado tunapokezana. Jana aliziba mdomo kwa mikono yote miwili, na mimi nikaona aibu ghafla, sijui kwa nini, nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Shangazi


2 Machi

Shikamoo Shangazi,

Hoteli ya mchanga nimeisimulia kwenye kikao. Mkuu wetu, ambaye hacheki mpaka aandikiwe, alicheka. Endelea nayo, ni nzuri kuliko zote tulizowaza sisi.

Kuhusu Bi Hapana nina ombi moja. Acheni kijiko. Wewe na msaidizi wako, acheni kabisa, hata kama ataondoka na njaa siku kadhaa. Watoto wengine wakishakaa, weka sufuria ndogo chini karibu naye, mpini wa upawa ukimwelekea yeye. Usimwambie kula. Usimwangalie. Jitafutie kazi nyingine uende, hata kama ni ya uongo. Mtoto asiyeangaliwa hana wa kumwambia hapana.

Nafahamu utasema mimi sijazaa, nitajuaje. Najua kwa sababu kuna mtu aliwahi kunifanyia hivyo.

Jambo jingine, mkaguzi wenu si mimi. Nilipangiwa kata yenu nikaomba nibadilishiwe, maana mtu hakagui jiko lililomkuza. Anayekuja ni mama mmoja wa makamo, mwenye miwani na daftari, mpole. Mpokee kama mgeni yeyote. Mgeni njoo, mwenyeji apone, si ndivyo unavyosema?

Chiriku


11 Machi

Bi Ofisa,

Habari za kazi.

Msaidizi wangu alikwenda kwenye semina ya walezi. Mtoa mada aliwapitisha kwenye waraka kifungu kwa kifungu, na walipofika cha saba akasema hiki aliyekipigania mpaka kikaingia ni dada mmoja kijana, akamtaja kwa jina lake lote na la baba yake. La kaka yangu, yaani. Msaidizi alirudi amefurahi, anadhani kaniletea sifa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nakuandikia nikimtukana mwandishi, na mwandishi ananijibu kwamba kamati ina chai nyingi.

Kunificha nimekusamehe, maana na mimi nilisema maneno yangu. Linalonichoma ni jingine. "Mlezi asimlazimishe mtoto." Umelelewa na nani wewe zaidi yangu? Sahani zipi nyingine unazozijua? Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa unakula kwangu huku unaandika moyoni, na sasa umeniandikia sheria ili nchi nzima ijue shangazi yako alikuwa anakushindilia. Kama nilikushindilia, ungeniambia. Mimi ni mtu wa kuambiwa.

Sina mengi. Mkaguzi akija atanikuta.

Mlezi wa kituo


15 Machi

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imefika na imeniumiza, na nimestahili nusu yake. Nilipaswa kukuambia tangu mwanzo kwamba kifungu ni changu. Nilisoma ulivyomkaribisha mwandishi aje na nguo asizozipenda, nikaogopa. Hofu yangu kwako haijaisha hata baada ya kuajiriwa.

Hiyo nusu nyingine siikubali, kwa sababu umekisoma kifungu kinyumenyume.

Unakumbuka nilivyokuja kwako? Tulikuwa tumetoka kumzika baba. Mama alikuwa amerudi kazini kwake mbali, ukanichukua. Sikuwa nasema, na sikuwa nakula. Hilo jina la Chiriku ulinipa baadaye sana, nilipoanza kuongea na nikashindwa kunyamaza. Siku zile za mwanzo kila aliyekuja kutoa pole alinishikia kijiko. Mmoja aliniambia nile ili baba afurahi huko aliko. Nilikuwa nafunga meno mpaka taya zinauma.

Kisha mchana mmoja watu waliondoka, tukabaki wawili. Ulikuja na sufuria ya viazi na mboga. Nilijiandaa kwa kijiko. Wewe ukaitua sufuria kwenye mkeka mbele yangu, ukaweka upawa mpini ukinielekea mimi. Ukachukua beseni ukatoka kuanika nguo. Nilikaa. Nilisikia vibanio vikibana kwenye kamba. Hakuna mtu aliyekuwa ananingoja. Nikashika upawa.

Kwenye kikao waliniuliza ushahidi wangu ni upi. Nilikuwa na tafiti, nikazitoa, na tafiti ni za kweli. Lakini nilipokuwa natetea kile kifungu mpaka sauti inakwaruza, sikuwa naona tafiti. Nilikuwa naona mpini wa upawa. Baadaye ulikuwa na watoto wengi na wazazi wa kuridhisha, ukaanza kujaza sahani, wala sikulaumu. Lakini kile kifungu hakikuandikwa dhidi yako. Ni chako, Shangazi. Mimi nilikinakili tu.

Nakupenda, na usiniite tena Bi Ofisa.

Chiriku


29 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, marahaba, na nyingine ya akiba.

Cheti tumepata. Natanguliza hilo ili usome yanayofuata ukiwa umekaa vizuri, maana kulikuwa na dakika ambayo mimi mwenyewe nilikiona kinaondoka kwa miguu yake.

Mama mwenye miwani alifika asubuhi. Kakagua maji, kakagua stoo, kaonja uji, kauliza utamu unatoka wapi. Nikamwonyesha ndizi za mbuzi. Kaandika. Mchana ukafika. Tulikuwa na wali na maharage na mboga za majani. Sufuria mezani, upawa ndani, nikasimama pembeni mikono nyuma kama ulivyotaka. Watoto wakajipanga. Hakuna aliyemwaga. Kila mmoja kidogo kidogo, mikono miwili, taratibu mpaka kwenye mkeka. Yule mama kavua miwani, kaifuta, kaivaa tena. Msaidizi wangu kanikanyaga mguu kwa furaha.

Mimi nikasahau nilichowafundisha. Nilikuwa nimefurahi, mwanangu, nikapiga makofi.

Wote wakasimama. Wakajipanga mstari, vizuri kuliko mwanzo, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kurudisha chakula kwenye sufuria. Wali, maharage, mboga, vyote pamoja, bila kuonja hata punje. Wakarudi kukaa na sahani tupu, wakaniangalia waone kama wamefanya sawa. Mkaguzi kalamu ilisimama hewani. Akaniuliza kwa upole kama huo ndio utaratibu wetu wa kila siku. Nilitaka kumweleza habari za mchanga, nikajisikia namweleza kwamba watoto wangu wamezoea kula mchanga, na ikawa mbaya zaidi. Msaidizi wangu akaingia jikoni kwa kujifanya kuna kitu kinaungua.

Nitakwambia nani alituokoa, ila kwanza nijibu barua yako, maana sitaki uidhanie vibaya tena sufuria ile.

Nimeisoma barua hiyo mara nyingi. Mchana ule naukumbuka, lakini nilikuwa sijui kwamba na wewe unaukumbuka. Umeniandika kama mtu mwenye hekima. Sikuwa na hekima yoyote, mwanangu. Niliingia na sufuria nikiwa na nia ya kukulisha kwa kijiko kama wenzangu wote. Ukainua uso, na macho uliyoniangalia nayo yalikuwa ya kaka yangu. Nikatua sufuria pale pale nilipofikia, mpini wa upawa ukaelekea ulikoelekea, nikashika beseni nikatoka, kwa sababu sikutaka mtoto aliyefiwa anione nalia. Nguo zile nilizianika, nikazianua, nikazianika upya. Niliporudi umekula. Nikadhani ni Mungu tu kanihurumia, sikujua kama nimefanya jambo. Kwa hiyo kamati yako ikiuliza ushahidi, usiwaambie hili. Wape tafiti.

Na kunyamaza kwangu wiki mbili hizi ni kwa sababu nilikuwa najaribu ulichoniagiza. Niliacha kijiko. Niliweka sufuria ndogo kizingitini, nikaenda kujishughulisha. Siku ya kwanza haikuguswa. Na zilizofuata pia hazikuwa na jipya, ila viatu alivua kimoja. Sikukuandikia kwa kuwa sikutaka kukuambia imeshindikana.

Basi siku hiyo ya mkaguzi, katika ile kelele, sikuwa nimeona kwamba Bi Hapana alikuwa amejipanga na wenzake. Tulimwona sote kwa pamoja, wakati mstari wa kurudisha chakula ulipoisha na akabaki peke yake katikati ya mkeka, miguu mitupu, sahani kaikumbatia. Alikuwa kajipakulia maharage matupu. Mwenzake, yule wa mfukoni, akamwendea kama kiranja na kumwonyesha sufuria arudishe.

"Hapana," akasema Bi Hapana. "Hiki changu."

Akakaa, akala. Kwa mkono, akilitazama kila haragwe kama mtu anayekagua mzigo wake. Wengine wakamwangalia, wakanyanyuka mmoja mmoja kwenda kujipakulia tena ule mchanganyiko, na mkaguzi akaketi kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti kidevuni, akaomba naye sahani. Ndipo akamwambia msaidizi wangu, aliyekwisha kutoka jikoni, kwamba cheti atakiandika akishakula.

Hayo ya mwisho nilisimuliwa na msaidizi. Mimi sikuyaona. Mtoto alipopeleka tonge la pili mdomoni, nilishika beseni nikamwambia mgeni aniwie radhi, nakwenda kuanika nguo.

Beseni lilikuwa tupu, mwanangu. Nilisimama kwenye kamba na vibanio mkononi mpaka nikasikia sahani zinakusanywa.

Shangazi yako